Sura ya Tano: Mimi Nashinda Duarani, Mazoezi ya Nini Tena?

Yeyote anayejaribu kuwakusanya watu kwa mazoezi katika mikoa ya Shinyanga na Geita hulikuta swali hili mlangoni kabla hajaketi. Unamwambia jirani, "Kesho alfajiri tunakimbia, karibu." Anakuonyesha viganja vyenye sugu na kukuuliza: "Ndugu yangu, mimi nashinda duarani napandisha mawe, nikikimbia nitafute nini?" Duara, kwa msomaji aliye mbali na migodi, ni shimo la wachimbaji wadogo. Swali lake ni la haki, na kocha asiyeweza kulijibu kwa utulivu hana la kumwambia mtu wa huku. Kwa kocha wa mazoezi sina maana ya mtu mwenye filimbi shingoni tu. Nazungumzia mtu yeyote anayewaongoza wenzake kuupa mwili kazi kwa mpangilio ili wapate afya, hata kama mchana ni fundi cherehani au mlinzi wa geti.

Sura hii inajenga hoja moja. Watu wa ukanda huu hawakosi nguvu wala hawaogopi jasho. Wanachokosa ni mtu wa kuwaita, mahali panapojulikana na saa isiyobadilika, kwa hiyo kazi ya kwanza ya kocha ni kualika, na kufundisha kunafuata nyuma. Lakini kabla hatujafika kwenye mwaliko, swali la mchimbaji lazima lipate jibu lake.

Si kila jasho ni jasho moja

Tuanzie Mwadui, wilayani Kishapu. Hapo ndipo John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipogundua almasi mwaka 1940. Mwamba unaobeba almasi hizo ni mdomo wa volkano ya kale, na kwa juu umetandaa hekta 146. Mwamba mpana namna hiyo huchimbwa kwa shimo la wazi: mitambo inakwangua, malori makubwa yanazoa. Dereva wa lori anapanda ngazi ya kabini mara moja, anakaa, na zamu nzima mwili wake unafanya kazi ya kutikiswa. Nje ya uzio, pande za Maganzo, wachimbaji wadogo wa almasi bado wanainama na koleo na chekeche. Ukimuuliza dereva au mchimbaji, atakwambia yeye ni mtu wa mgodini na kazi yake ni ngumu. Wote wawili wanasema kweli, ila ugumu wa mmoja uko mbali sana na ugumu wa mwenzake.

Tofauti hiyo ilipimwa zamani, tena kwa mfano ambao kila abiria wa daladala atauelewa. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alitoa matokeo ya kuwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa watu wa mitaa ileile, katika basi lilelile, na mishahara yao haikupishana sana. Dereva alikaa siku nzima, kondakta alipanda na kushuka mamia ya ngazi akikata tiketi. Ikaonekana kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na walioupata hawakufa haraka kama madereva. Wapinzani wakauliza kama si kwamba waliochagua udereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris hakulikwepa swali. Alikwenda kwenye rejista za sare za kazi na kukagua vipimo vya viuno vya suruali, akakuta kweli madereva walikuwa wanene zaidi tangu mapema. Lakini alipolinganisha pia wapeleka barua wanaotembea na makarani wa posta wanaokaa, picha ikajirudia. Kukaa kulikuwa na gharama yake.

Hapo mchimbaji wa duara anapata nguvu ya kusema: basi mimi niko upande wa kondakta. Angekuwa sahihi kama kazi yake ingekuwa kupanda ngazi na kutembea. Mwaka 2021 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 104,000 wa Copenhagen na viunga vyake kwa takriban miaka 10. Waliojishughulisha sana wakati wa mapumziko yao walipata shtuko la moyo kwa uchache zaidi na waliishi zaidi. Waliotumia nguvu nyingi kazini walikuwa kinyume chake: vifo na maradhi ya moyo vilikuwa juu. Mtu anaweza kupinga kwamba wafanya kazi nzito huwa na kipato kidogo na wengi huvuta sigara. Watafiti walizingatia mambo hayo katika hesabu zao, na tofauti ikabaki. Nakubali kwamba Denmark si Geita, na hakuna hesabu inayoweza kufuta kila alama ya umaskini katika maisha ya mtu. Hata hivyo maelezo yake yanaingia akilini, na mchimbaji ataona mwili wake ndani yake.

Mazoezi humfanya mtu apumue kwa kasi kwa dakika 20 au 40, kisha mwili unaachiwa muda wa kujijenga upya. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache, na mishipa inajifunza kulegea. Kazi ya duarani haina mpangilio huo. Mtu anakaza mgongo na mabega kwa saa nyingi akigonga nyundo na tindo, anabana pumzi akinyanyua kiroba, presha inapanda na kubaki juu, na kesho anarudi kabla misuli ya jana haijapona. Misuli ileile inatumika kupita kiasi huku mingine ikilala. Tena anavuta vumbi, anakunywa maji kidogo, na hana ruhusa ya kusema leo napumzika. Kwa hiyo jibu ni kwamba kazi yake inachota kwenye mwili na mazoezi yanarudisha. Anayechotwa zaidi ndiye mwenye haja kubwa ya kurudishiwa, ingawa mazoezi yanayomfaa ni tofauti na ya karani. Dereva wa lori anahitaji kukimbia na kutembea. Mpandisha mawe anahitaji mwendo mwepesi wa kufungua pumzi, kunyoosha viungo vilivyokakamaa, kuimarisha tumbo na mgongo kwa utaratibu, na kulala.

*Kwa ufupi:* kutembea na kupanda kazini husaidia. Kunyanyua mizigo kutwa bila kupumzika huumiza. Kocha huuliza kwanza mtu anafanya kazi gani, ndipo anapanga zoezi.

"Presha ni ugonjwa wa mabosi"

Hoja hii bado inasikika vijiweni, na ina mizizi ya kweli. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini nchini Kenya, upande wa pili wa ziwa letu la Victoria, alitoa taarifa ya kupima presha za wenyeji 1,000. Ulaya presha ilikuwa ikipanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu aliowapima Donnison ilifuata njia nyingine: baada ya miaka 40 ilianza kushuka. Babu zetu hawakutudanganya waliposema enzi zao hawakuyajua maradhi haya.

Sasa weka karibu na hapo uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Kati ya kila watu 100, takriban 26 walikuwa na presha ya juu, na 9 walikuwa na kisukari. Hao si mabosi wote, nchi haina mabosi wengi kiasi hicho. Kati ya vipimo hivyo viwili ni miaka 83, na damu ya watu haibadiliki kwa muda mfupi namna hiyo. Kilichobadilika ni maisha: chumvi imeongezeka kwenye chungu, soda na chipsi mayai zimefika hadi kwenye vibanda vya machimboni, bodaboda imechukua nafasi ya miguu, na ugali wa mtama na mlenda umeonekana ni chakula cha wasio nacho. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyokwisha kuwekwa kwenye mkate na dagaa wa chumvi. Mwalimu wa mazoezi anayekaa kimya kuhusu chungu anafanya nusu ya kazi. Ukanda huu una michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vikitafunwa tangu enzi na enzi, una kunde na una samaki wa Ziwa Victoria. Kocha hahitaji kumtajia mtu chakula cha supamaketi.

Usimwahidi mtu kukonda

Hapa makocha wengi wanakosea, na kosa lenyewe linafukuza watu. Wanamwambia mama mwenye mwili, "Njoo upungue." Katika ukanda wa migodi neno hilo lina uchungu. Kwa miaka mingi kukonda kulisomwa kama Ukimwi au kama njaa, na mwili ulikuwa ushahidi kwamba nyumba ina chakula. Kumwita mtu aje akonde ni kumwalika asemwe mtaani. Watu wanaopinga mazoezi kwa sababu hii si wajinga, wanailinda heshima yao.

Zaidi ya hayo, ahadi yenyewe haishiki. Wahadzabe, jirani zetu wa Bonde la Ziwa Eyasi, ambao baadhi yao wako Meatu, si mbali na Kishapu, huishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambayo miili ya Wahadzabe hutumia kwa siku. Walitarajia kukuta matumizi makubwa mno kuliko ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, hawakukuta tofauti. Inaonekana mwili una bajeti: ukitumia zaidi kwenye miguu, unabana kwenye matumizi mengine ya ndani. Lakini vipimo vingine vimeonyesha kwamba Wahadzabe hao hao wana mioyo mizima na presha za chini hata uzeeni. Kwa hiyo kutembea sana kumewapa moyo mzuri, na wembamba unategemea zaidi kinachoingia mdomoni. Kocha mkweli huahidi kile ambacho mazoezi hutoa: usingizi, pumzi ya kupanda kilima bila kusimama, mgongo usiouma, presha inayoshuka, sukari inayotulia. Mtu akipungua, ni ziada. Asipopungua, hajadanganywa, na wiki ijayo atarudi.

Manju kabla ya mwalimu

Sasa tufike kwenye mwaliko. Watu wengi wanajua kwamba mazoezi ni mazuri, redio zimesema hadi zimechoka. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Zanzibar tarehe 1 Januari ni siku ya mazoezi, na vikundi hufurika barabarani. Naiheshimu mikutano hiyo, lakini tupige hesabu. Mtu mzima anashauriwa apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Jumamosi moja kwa mwezi ni sherehe, na sherehe ina faida yake, ila haijazi kibaba. Mazoezi lazima yashuke hadi kitongojini na yarudi kila wiki, na hapo hakuna kiongozi wa kitaifa atakayekuja kupiga filimbi. Ni mtu wa pale pale.

Huku Usukumani mtu huyo ana mfano wake tayari. Bugobogobo ni ngoma ya majembe. Kikundi kinaingia shambani kwa mstari, ngoma inapigwa, majembe yanapanda pamoja, yanazungushwa hewani, yanashuka pamoja, na ekari ambayo mtu mmoja angeitazama kwa huzuni inaisha kabla jua halijachoma. Hakuna aliyewahubiria wakulima wale faida za kuinua jembe. Waliitwa, wakakuta mdundo na wenzao. Tena ziko jumuiya mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, zinazoshindana baada ya mavuno. Zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na ushindi unaonekana kwa macho: umati umeelekea wapi. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, anaweza kuwa na mashairi mazito kuliko yote, lakini watu wakimhama amekwisha. Kocha wa mazoezi anayelalamika kwamba watu wa mtaa wake ni wavivu anafaa kukaa pembeni ya uwanja ule siku moja.

Sayansi nayo imeigusa siri hiyo. Watafiti wa Oxford waliwahi kuwapima wapiga makasia baada ya kufanya zoezi lilelile kwa nguvu ileile, mara wakiwa peke yao, mara wakiwa pamoja kwa mapigo yanayolingana. Walipokuwa pamoja walivumilia maumivu zaidi. Mwili unaocheza na wenzake huona mzigo ni mwepesi. Na kwa upande wa saa isiyobadilika, mfano ni mbio za bure zilizoanza London tarehe 2 Oktoba 2004. Paul Sinton-Hewitt aliwaita rafiki zake katika bustani ya Bushy Park, wakakimbia 13. Hakubadilisha siku wala kuweka kiingilio. Leo mbio hizo, zijulikanazo kama parkrun, hufanyika kila Jumamosi katika nchi nyingi, na anayetembea hukaribishwa sawa na anayekimbia.

Sisi tuna mchakamchaka. Kila aliyepita shule ya msingi ya Tanzania anaufahamu: mmoja anaanzisha wimbo, kundi linaitikia, miguu inapiga chini kwa pamoja. Hauhitaji viatu vya bei wala jimu. Na ndani yake kuna kipimo ambacho wengi hawajakitambua. Mwendo wa wastani ni ule ambao mtu anaweza kuongea akiwa kwenye mwendo lakini hawezi kuimba wimbo mrefu. Katika mchakamchaka, kiitikio kifupi kikitoka kwa nguvu, mwendo uko sawa. Kikififia upande wa nyuma, kocha ameshawapita watu wake, apunguze. Hahitaji saa ya mkononi ya kuhesabu mapigo ya moyo, masikio yanamtosha.

Wanaosema hawana muda, hasa wa zamu ndefu, wana hoja nzito, na kocha asiwajibu kwa maneno ya kuwaaibisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, liliondoa sharti la zamani kwamba mwendo uendelee dakika 10 mfululizo ndipo uhesabiwe. Dakika 4 za kwenda kituoni zinahesabiwa, na ngazi zinahesabiwa. Wanawake wengi nao hawatakuja uwanjani alfajiri, kwa sababu ya maji, watoto na macho ya watu. Basi kocha aende waliko. Vikoba hukutana kila wiki, watu wameshakaa, daftari limeshafunguliwa. Amsalimie mwenyekiti, "Shikamoo mama," aombe dakika 15 kabla ya kuhesabu hisa, na kila mtu afanye na kanga yake kiunoni.

Bila cheti, inawezekana?

Inawezekana kuanza, na anayetaka kwenda mbali asome. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kiko Kwimba, mkoani Mwanza, si safari kubwa kutoka Shinyanga. Lakini hata wa kuanza lazima ajue mipaka yake. Hawa awapeleke kwanza zahanati kabla ya kuwakimbiza:

- anayebanwa kifua, kuzimia au kupata kizunguzungu akijitahidi;
- anayetumia dawa za presha au sukari;
- mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili;
- aliyefanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la mawe na sasa anakosa pumzi;
- mjamzito, au aliyejifungua karibuni.

Hao wa vumbi nawasisitiza. Karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, hutoa vumbi la silika, chembe za jiwe ndogo kuliko jicho linavyoona. Likikaa mapafuni huacha makovu yasiyofutika, ugonjwa uitwao silikosisi, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Kukimbia hakusafishi mapafu hayo, kama ambavyo maziwa yanayonywewa kwa imani hiyo hayasafishi. Kocha anayewaambia wachimbaji kwamba jasho litatoa vumbi anaweza kumchelewesha mtu kwenda kupimwa hadi amechelewa kabisa. Wala asifanyie mazoezi karibu na karasha, hata kama ndipo penye uwanja.

Na kama kuna somo moja la kuwafundisha watu wa mizigo, ni kunyanyua. Weka chini mfuko wa mchanga wa kilo 20. Simama miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, mfuko uwe karibu kugusa viatu. Sasa sukuma makalio nyuma, kama mtu mwenye ndoo mikono miwili anayefunga mlango kwa nyuma yake. Magoti yalegee yenyewe, mgongo ubaki kama ulivyokuwa umesimama. Shika, vuta mfuko uguse mapaja, toa pumzi ukiinuka. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usizungushe kiuno. Rudia mara 8, pumzika, rudia tena. Mchimbaji aliyepandisha viroba miaka 10 mara nyingi atakwambia anajua, kisha atainama kwa mgongo. Mwache amalize, mpongeze kwa nguvu zake, halafu mwombe ajaribu la kufunga mlango. Tofauti ataisikia kiunoni mwake mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza

Watakuja watatu, labda mmoja akiwa ametumwa dukani na amepita tu. Waanze kwa muda uliotangazwa, hata kama ni watatu, kwa sababu atakayechelewa leo akikuta mmeshaondoka atajua saa yenu ni saa. Nusu saa inatosha: kupasha mwili kwa kutembea, mchakamchaka mfupi, kunyanyua, kunyoosha viungo, maji. Pande za Shinyanga miezi ya Septemba na Oktoba jua halina huruma, kwa hiyo mmalize kabla halijapanda.

Kocha awe na daftari. Aandike majina, na mbele ya jina kazi ya mtu na zamu yake. Asiyeonekana wiki mbili apitiwe nyumbani, si kwa kuulizwa amekwenda wapi bali kwa kujuliwa hali, maana huenda anaumwa. Na kufikia wiki ya tatu awe amemchagua wa pili, mtu mwenye sauti ya kuanzisha wimbo, amwachie filimbi angali yupo pembeni anatazama. Maana kocha naye huingia zamu ya usiku, na Jumamosi hiyo lazima mtu mwingine aanzishe wimbo.